Charo Kahindi Wawili

Kabla ya 2011 takwimu za afya zilitoka Marafa kwa matatu. Zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, mapajani mwa nesi au karani, zikapita Marikebuni, zikavuka daraja la Sabaki, zikaingia Malindi pembe zimegeuka nyekundu kwa vumbi. Mvua za Aprili zikikata barabara, mwezi mzima wa homa, chanjo na uzazi ulibaki kwetu hadi matope yakauke. Malindi kulikuwa na mtu wa rekodi wa wilaya. Yeye ndiye aliyezipokea na kuziingiza kwenye kompyuta, zikaendelea na safari yake hadi Nairobi, nasi hatukupata habari zake tena.

Nilikuwa karani wa zahanati moja upande huo. Nilianza kwa kujitolea baada ya kidato cha nne, nikiita majina barazani na kupanga kadi, mpaka sista mkubwa akaona mwandiko wangu unasomeka akanikabidhi rejista. Wageni wakitaja Marafa hukumbuka Nyari, lile korongo la udongo mwekundu na mweupe ambako watalii huletwa jioni kutazama jua likishuka. Mimi naona vitabu. Rejista ya watoto chini ya miaka mitano iliitwa 204A, ya wakubwa 204B, ya chanjo 510, ya wajawazito 405. Mwisho wa mwezi tulihesabu mistari yake kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimevilalia, kisha tukajaza muhtasari wa 705A na 705B. Ulitakiwa uwe umefika tarehe tano ya mwezi uliofuata.

Nikisikia leo watu wakizungumzia mawakala wa kompyuta, zile programu zinazotumwa kufanya kazi zenyewe, kuulizana na programu nyingine na kurudi na jibu, fikra zangu hurudi kwenye vitabu vile. Programu mbili zikikutana zinahitaji kile tulichokihitaji mimi na sista, yaani kila neno liwe na maana moja kwetu sote. Nimeona maana hiyo inavyopatikana na ni nani anayetoka jasho ili ipatikane, na sipendi jasho hilo lisahaulike.

Neno la kwanza kunisumbua lilikuwa malaria. Miaka ile mtoto akiletwa mwili unawaka, sista alimpima joto, akaandika malaria, akatoa dawa ya mseto. Ndivyo mwongozo ulivyosema: homa ya mtoto mdogo katika eneo la mbu itibiwe kama malaria, kwa kuwa kungoja kungeweza kuua. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likataka kila mgonjwa apimwe damu kwanza, na Kenya nayo ikaubadilisha mwongozo wake. Vipimo vya haraka vikatufikia baadaye, kidogo kidogo, na fomu mpya ya muhtasari ikawa na mistari miwili, malaria iliyothibitishwa na malaria inayodhaniwa. Lakini fomu za zamani zilikuwa bado zimejaa kabatini, na karatasi haitupwi. Kwa muda zahanati moja ilijaza fomu mpya na jirani yake ya zamani, na zote mbili zikapanda matatu moja.

Sista wetu, aliyekuwa karibu kustaafu, alikifungua kitabu na kukifunga. "Mwanangu," aliniambia, "mwezi jana ukurasa ulijaa malaria. Mwezi huu hata nusu haufiki. Na watoto barazani ni wale wale."

Alisema kweli. Foleni haikupungua wala homa hazikupungua. Kilichobadilika ni masharti ya kuliandika lile neno. Mtu aliyekaa Nairobi akachora mstari wa malaria ya upande wetu mwaka hadi mwaka angeuona ukiporomoka, na ndani ya tarakimu zile hakuna ambacho kingemwambia kwamba sehemu ya mporomoko huo imetokana na karatasi. Hili lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo, kwa sababu dawa na vyandarua huagizwa kwa kutazama mstari kama huo, na mtoto wa Marafa ndiye anayekosa dozi ikiwa mstari umesomwa vibaya.

Mwaka 2011 ile bahasha ikaanza kupumzishwa. Kenya ilieneza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima kwa intaneti, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo Afrika kusini ya Sahara. Programu hiyo hulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, utawala wa ubaguzi ulipoanguka na nchi ikajikuta na idara nyingi za afya, kila moja ikihesabu kwa njia yake. Ndani ya mfumo huo kila kitu kinachohesabiwa kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11. Jina lake mnaweza kulibadilisha mtakavyo, kitambulisho kikabaki kile kile. Niliupenda utaratibu huu mara tu nilipouelewa. Malaria iliyothibitishwa ilipata kitambulisho chake na inayodhaniwa chake, wala hazikuweza tena kuchanganyika njiani.

Sifuri ndiyo iliyozua mjadala mpya. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka kipengele kiwekewe alama kwamba sifuri yake ina uzito. Kwa anayejenga mfumo ni jambo la busara, maana sifuri ni nyingi na zinajaza hifadhi. Kwetu sifuri ya surua ilikuwa kazi iliyofanywa: sista amemtazama kila mtoto mwenye vipele mwezi mzima na hakuona surua. Kisanduku kitupu kina maana hakuna aliyetazama, au ripoti haijafika. Mambo haya mawili yako mbali kama Marafa na Nairobi, na hata hivyo kwenye kioo cha kompyuta yanaweza kufanana kabisa. Nilibishana na kila mkufunzi aliyekuja kuhusu sifuri, na wengine wao walikwenda kuuliza na kurudi na jibu zuri.

Kisha Marafa yenyewe. Marafa ni mji mdogo wenye soko. Marafa ni kituo cha afya. Ni lokesheni yenye chifu, na chini ya katiba ya 2010 ni wadi yenye mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Mtu akisema "wagonjwa wa Marafa" sisi tunajua kwa mazungumzo anakusudia ipi. Mashine moja ikiipelekea nyingine neno hilo peke yake, ya kwanza huenda inataja kituo na ya pili ikaelewa wadi nzima, ikawagawanya wagonjwa wa jengo moja kwa wakazi wa vijiji chungu nzima. Tena mzazi wa Marafa, yaani eneo kubwa ambalo Marafa imo, alikuwa akibadilika. Tulikuwa Wilaya ya Malindi, ikaja Wilaya ya Magarini, na tangu 2013 sisi ni kaunti ndogo ya Magarini katika Kaunti ya Kilifi. Dawa ya hayo ilikuwa orodha kuu ya vituo vya afya ya wizara, ambamo kila zahanati ina namba yake, na namba haijali mipaka imechorwa upya na nani. Nimeona mabishano ya mkutano mzima yakiisha pale mtu mmoja alipoisoma namba kwa sauti.

Mwana wa shangazi yangu alikuwa akisomea kompyuta Mombasa. Alipokuja likizo nilimmwagia malalamiko yangu yote, akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. "Dada, haya unayopambana nayo ni taaluma nzima," alisema, akanisimulia makala ya Mei 2001 katika jarida la Scientific American, iliyoandikwa na Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pamoja na James Hendler na Ora Lassila. Inaanza na ndugu wawili, Pete na Lucy, ambao mama yao anahitaji mazoezi ya viungo mara kwa mara. Lucy anamwagiza wakala wake wa kompyuta. Wakala anaulizana na wakala wa daktari, anatafuta kliniki zilizo karibu na nyumba ya mama, zinazokubali bima yake na zenye sifa nzuri, anazilinganisha na nafasi walizo nazo ndugu hao za kumwendesha mama, na baada ya dakika chache mpango uko tayari. Pete haupendi, kwa kuwa hospitali iko mbali na atarudi barabara zikiwa zimejaa, basi anamtuma wakala wake atafute upya.

Nilisikiliza nikiwafikiria akina mama waliotufikia asubuhi wakiwa wametembea tangu kabla ya alfajiri, mtoto mgongoni, wakaambiwa chanjo imekwisha, kumbe zahanati ya pili inayo. Nilimtaka wakala huyo. Nilimtaka sana, na niliona waziwazi kazi ambayo angeifanya kwetu: aulize kila friji ya chanjo ya Magarini ina nini, kisha amtumie mama ujumbe kwa simu kabla hajafunga leso.

"Basi mwambie aulize," nilisema. "Ataambiwa nini?"

Hapo ndipo tulipokaa mpaka usiku. Chupa moja ya chanjo ya surua ina dozi 10, ya kifua kikuu ina dozi 20. Stoo moja huandika chupa, nyingine huandika dozi. Wakala akisikia "6" kutoka stoo ya kwanza na "40" kutoka ya pili atampeleka mama kwenye 40, na kumbe zile 6 ni chupa za dozi 60. Halafu chupa ya surua ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6, kwa hiyo sista aliye na chupa moja na mtoto mmoja mara nyingi husubiri siku ambayo watoto watakuwa wengi. Stoo yake ina chanjo. Mama aliyefika siku nyingine atarudi bila chanjo. "Ipo" ya mtunza stoo na "ipo" ya mama ni mbili, na wakala mwerevu kiasi gani atajuaje asipoambiwa?

Mwana wa shangazi alinieleza kwamba waliobuni mawakala walilijua tatizo hilo mapema. Miaka ya 1990 walitengeneza lugha za mawakala kupelekeana ujumbe, moja ikiitwa KQML, na mwaka 1996 likaundwa shirika la FIPA kusanifisha mambo hayo. Ujumbe wa FIPA unasema ni wa namna gani, ombi, taarifa, kukubali au kukataa, unataja aliyeutuma na anayeupokea, na una nafasi ya kutaja ontolojia, yaani ile orodha rasmi ya vitu na maana zake ambayo maneno ya ujumbe yametoka kwayo. Thomas Gruber alikuwa ameieleza dhana hiyo katika makala ya 1993 ambayo wanataaluma huirejelea hadi leo. Baadaye muungano wa wavuti, W3C, ukatoa RDF mwaka 1999 na OWL mwaka 2004, lugha za kuandikia maana hizo ili mashine izisome. Mengi katika hayo yalinipita. Ile nafasi moja ndani ya ujumbe haikunipita. Kila anayesema ataje kwanza anatumia kamusi gani! Fomu zetu zilikuwa na kitu kinachokaribia hicho, toleo lililochapwa kwa herufi ndogo pembeni, na hakuna aliyelinakili wakati wa kuingiza tarakimu kwenye kompyuta. Kuanzia siku hiyo nililinakili mimi, kwa kalamu nyekundu, juu ya kila muhtasari.

Kamusi ya namna hiyo ikiwa kazini niliiona kwenye kliniki za virusi vya ukimwi, zilipoanza kutumia KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu iliyozaliwa 2004 kutokana na ushirikiano wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana na mradi wa AMPATH wa Eldoret, ambao mfumo wake wa rekodi ulianza na kompyuta ya kituo cha afya cha Mosoriot. Ndani yake kila dhana ina namba. Uzito kwa kilo ni 5089. Urefu ni 5090. "Ndiyo" ni 1065 na "hapana" ni 1066. Muuguzi haoni namba hizo, anaona neno. Lakini uzito wa mtoto ukitoka kliniki moja kwenda mfumo mwingine unaoifuata kamusi hiyo, unabeba 5089, na 5089 ni kilo, si ratili. Nafurahi kwamba kazi hii kubwa, inayotumiwa sasa katika nchi nyingi, ilipata umbo lake kwenye vituo vya Kenya, na makarani wa kwetu walikuwemo.

Lakini vitu ni rahisi kuliko watu.

Kwetu Wagiriama jina huzunguka. Mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Kahindi mwana wa Charo humzaa Charo, naye Charo Kahindi humzaa Kahindi Charo, na mzunguko unaendelea. Baba mwenye wake wawili anaweza kuwa na wana wawili katika boma moja, wote Charo Kahindi, wamepishana miezi. Mwanamke naye huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Shujaa wetu Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913 na ambaye amezikwa Bungale, hapa hapa Magarini, alizaliwa akiitwa Mnyazi. Angekuja zahanati msichana angeandikwa Mnyazi Menza, na angekuja mama angejitaja Mekatilili. Rejista ingehesabu wanawake wawili. Tarehe ya kuzaliwa haisaidii sana, kwa sababu asiyeijua yake mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari, na kwa rejista zetu nusu ya kijiji ilizaliwa siku ya mwaka mpya.

Wanaojenga mifumo wana mbinu za kulinganisha majina. Ya zamani zaidi, Soundex, ilisajiliwa Marekani mwaka 1918 na Robert Russell, nayo huligeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu 3 kwa kufuata matamshi. Matamshi ya nani? Niliyafanyia hesabu kwa mkono majina ya kwetu. Kadzo na Kadogo yote hutoka K320, mtu mmoja kwa mashine, ingawa hakuna Mgiriama atakayeyachanganya. Tsofa hutoka T210 na Sofa S100, watu wawili, na kwetu huyo ni Tsofa mmoja aliyeandikwa na karani wa bara.

Kazi hii ya kumtambua mtu ilifanywa vizuri kusini kwetu. Mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulianzisha mwaka 2000, Kilifi, rejista ya watu wote wa eneo la kilomita za mraba 891, zaidi ya watu 250,000. Marafa haimo, maana tuko ng'ambo ya Sabaki. Watafiti walipita kila boma tena na tena kila mwaka, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na mtoto aliyelazwa hospitali ya Kilifi alitafutwa katika rejista hiyo pale pale, mama yake akiwa mbele yao wa kuulizwa. Januari 2011 chanjo ya nimonia ilipoingizwa nchini, Kilifi iliweza kuonyesha ilichofanya. Matokeo yaliyotoka katika The Lancet mwaka 2019 yalionyesha kwamba maradhi makali ya aina za vimelea zilizolengwa na chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto chini ya miaka mitano. Nchi nyingine zilisoma matokeo hayo. Nyuma yake kuna mtu aliyesimama uani akauliza, "Huyu Charo ni wa mama yupi?"

Mwaka jana mwana wa shangazi, ambaye sasa ni mjenzi wa programu Nairobi, alikuja na wakala. Huyu hakufanana na yule wa makala ya 2001. Hakupewa kamusi yoyote. Amefunzwa kwa maandishi mengi mno hata ukimsemesha Kiswahili anakujibu, ukimpa picha ya ukurasa wa rejista anausoma. Mawakala wa aina hii wanawekewa njia za kukutana pia. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya kuwaunganisha na hifadhi za data na zana, na Aprili 2025 Google ikatoa nyingine ya mawakala kuzungumza wao kwa wao.

Sikukubali kumwonyesha rejista ya kweli. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwepo, magonjwa ya watu si yangu kuyatembeza. Nikabuni boma. Nikaliandika kwa mwandiko wangu wa zahanati, ukurasa mzima wa majina, na ndani yake nikatia Tsofa Karisa aliyeandikwa mara nyingine Sofa Karisa, na Charo Kahindi wawili wa mama mbalimbali, wote wa tarehe 1 Januari ya mwaka mmoja.

Alivyousoma ule mwandiko nilishangaa kweli. Aliona kwamba Tsofa na Sofa ni mmoja, jambo ambalo Soundex haikuliona kwa zaidi ya miaka mia. Kisha akawaunganisha akina Charo Kahindi wawili wakawa mtoto mmoja, akasema ni rekodi iliyojirudia, na akaeleza sababu zake kwa Kiswahili safi na adabu nyingi. Mmoja wa watoto hao, katika ukurasa wangu, hakuwa amepata chanjo ya pili. Katika jibu la wakala alikuwa ameipata, kwa kuwa ya ndugu yake ilihesabiwa yake.

"Tutamfundisha," mwana wa shangazi alisema.

"Utamfundisha kutokana na nini, kaka? Safu ya jina la mama iko wapi kwenye mfumo wenu?"

Alikaa kimya akifungua kompyuta. Haikuwemo. Namheshimu kwa alichofanya baadaye: hakujitetea, alichukua karatasi akaniomba nimtajie kila kitu ambacho mtu wa Marafa huuliza ili kumjua mtu. Jina la mama. Mbari. Kijiji cha babu. Jina la mzaliwa wa kwanza kwa mwanamke. Wanaolala boma moja naye.

Wakati wenyewe unalidai jambo hili la kumjua mtu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mifumo ya afya ya nchi ishikamane, na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya bima ya zamani, kwa hiyo jina la mgonjwa linapita kwenye mashine nyingi kuliko zamani. Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa simu wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, na wa kwetu wanapita mabomani nazo. Mimi nimeacha zahanati, lakini huwa wananipigia au wanakuja kukaa barazani kwangu fomu ikiwakwama.

Mmoja alinijia na boma lenye wake watatu. Simu inamtaka aandikishe kaya, na mzee mwenye boma anasema, "Sisi ni nyumba moja, mwanangu, tuandike pamoja." Sensa ya 2019 iliihesabu kaya kwa watu wanaoishi pamoja chini ya mkuu mmoja na kula chakula cha pamoja. Hapa mkuu ni mmoja na vyungu ni vitatu. Kila chungu kina walaji watatu. Chandarua kimoja ni cha watu wawili, nusu ikijazwa. Ukiandika kaya moja ya watu tisa, vyandarua ni 5. Ukiandika kaya tatu za watu watatu, ni 6. Kwenye tofauti hiyo kuna mtoto anayelala bila chandarua, na hakuna wakala atakayemwona ikiwa boma la jirani limeandikwa kwa kanuni moja na hili kwa nyingine.

Tulikwenda kwa mzee pamoja. Nilimwamkia, nikamweleza hesabu yote, naye akasikiliza hadi mwisho akasema basi tuandike kwa vyungu, mradi jina lake liwe juu ya vyote vitatu. Simu ilikubali hilo. Tumewaambia wahamasishaji wengine wa upande huu wafanye vivyo hivyo, na mwana wa shangazi ameliandika katika orodha yake ya maana, sentensi mbili, pamoja na mfano wa vyandarua.

Linalofuata katika orodha ni mume anayefanya kazi Mombasa na kurudi mwisho wa mwezi. Sensa humhesabu pale alipolala usiku wa sensa. Mkewe anasema ni mkazi wa hapa, kwa sababu shamba ni lake na watoto ni wake. Mhamasishaji anauliza kama ampangie chandarua. Sisi tunasema apangiwe, Nairobi wanasema ahesabiwe mjini, na mwezi ujao tuna kikao nao Malindi.